Kwa Nini Siimbi Hata Kanisani

Mjukuu wangu Mutheu,

Hapa Ziwani hatujambo. Mamako amepona kifua, na paka wako angali analala kwenye kiti chako.

Umeniuliza mbona siimbi, hata kanisani. Zamani niliimba sana. Kikundi chetu cha akina mama kilijiunga na chama tawala, tukiahidiwa kwamba mwenzetu Mueni ataachiwa uenyekiti wa mtaa. Tukashona sare, tukawaimbia wakubwa kila walipokuja.

Siku ya uchaguzi, watu walipanga foleni nyuma ya wagombea. Ya Mueni ilitoka uwanjani ikazunguka hadi kioski cha maziwa. Ya mpinzani wake ungeisalimia yote kwa mkono bila kuchoka. Afisa akatangaza kwamba huyo ndiye mshindi, kisha akatugeukia: "Haya akina mama, mbona kimya? Mwimbieni mwenyekiti!"

Tulimtazama Mueni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Alikaza kitambaa chake kichwani, akaanzisha. Tukaitikia.

Hajawahi kuimba vizuri kama siku ile, mwanangu. Nikifungua kinywa niimbe, namsikia yeye.

Ni mimi nyanyako, nikupendaye.