Solange na Mawe ya Wahiti

Jumatatu, 4 Agosti

Deo, toa viatu vyako vya simenti kwenye mkeka wangu! Muntu mzima, ndevu zina mvi, bado namfokea kama mtoto. Nilikuwa nachambua mchele. Mwanangu ametoka kiwandani Bugarama moja kwa moja, hata salamu hakuna. Ana hasira.

Sababu ni binti yake, Solange. Amepata nafasi ya kusoma Uturuki. Si udaktari. Anaenda kusoma picha na maandishi ambayo Wahiti walichonga kwenye miamba zamani sana.

"Maman, mimi naponda majiwe kila siku, na mutoto wangu anaenda kuyasoma?"

Nilicheka. Hakupenda.

Jumatano, 6 Agosti

Deo amesema Jumamosi, siku ya kumuaga Solange, hatashika kikombe. Kwetu msafiri hatoki bila maziwa. Papa, yaani baba mzazi, anaonja kwanza, halafu anampa. Solange naye kichwa kigumu: bila maziwa ya papa, haendi. Ndege ni Jumatano ijayo. Nimewaita wote wawili wajinga.

Deo anasema eti ni mawe ya wapagani. Wapagani! Kanisani tulisomewa jinsi baba yetu wa imani alivyonunua kwa Wahiti shamba la kumzikia mke wake. Walimpokea kwa heshima. Siku hiyo Deo alikuwa anasinzia.

Alhamisi, 7 Agosti

Solange amenionyesha picha kwenye simu. Nimevaa miwani. Mwamba mrefu. Juu yake amechongwa malkia, amesimama, anamimina kinywaji mbele ya mungu wao wa kike. Mfalme yuko upande mwingine, anamimina kivyake. Karibu yao kuna alama ndogondogo. Solange anasema zinataja jina la huyo mama.

Mimi niliishia darasa la tatu, Bukavu. Alama sikuelewa hata moja. Ule mkono unaomimina niliuelewa.

Mungu wao si wangu. Lakini hakuna mwanaume aliyemshikia jagi.

Ninachowaza kinanitia woga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyumba ilijaa. Deo alikaa mlangoni, mikono kifuani. Maziwa mezani. Bamama wa kanisa wakaanza kuangalia chini. Aibu ile!

Nikasimama. Nikamimina mwenyewe, nikaonja, nikampa Solange.

"Maman! Hiyo ni kazi ya papa."

"Na wewe papa, nani alikuzaa? Kunywa, Solange."

Mama mmoja akapiga vigelegele. Solange akanywa huku analia. Deo akatoka nje, akaenda zake.

Imeniuma. Sijutii.

Jumapili, 10 Agosti

Deo hakuja Misa.

Jumatatu, 11 Agosti

Amekuja. Viazi vilikuwa motoni. Akamwomba binti yake simu. Akaikuza ile picha kwa vidole. Akauangalia mwamba muda mrefu, uso karibu kugusa kioo.

"Hii jiwe ni ngumu. Balichonga na nini?"

"Patasi za shaba, papa. Na nyundo za mawe."

"Jiwe kwa jiwe? Eeh! Hao bantu balikuwa bafundi."

Akauliza na mengine. Solange akamsogelea. Nimewaacha, nimeenda kumwagilia mboga.

Jumatano Deo amfikishe Solange uwanja wa ndege Kamembe yeye mwenyewe, si kumpakia kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, kama gunia la muhogo. Avae shati la Misa. Na sanduku alibebe yeye.