Ufunguo wa Chumba Namba Nne

Jumatatu, 4 Machi 1974

Napiga randa miguu ya meza tangu asubuhi. Mninga mgumu, randa butu, roho imechafuka. Ufunguo sina. Nimeingilia dirishani kama mwizi, chumba changu mwenyewe cha kazi, katika jengo la ushirika nililobebea matofali kwa bega hili.

Ufunguo anao Mihayo, mshona viatu wa chumba namba tano. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, basi ni mtani wangu. Jumamosi tulipokuwa tunamzika shangazi, kaja na vituko vyake, ananiita mtumwa wake. Kanivua kofia, kanichomolea ufunguo mfukoni, kasema nikomboe kwa jogoo. Mila ndiyo hiyo: mtani akikunyang'anya kitu msibani, unakikomboa. Lakini nilikuwa na uchungu. Nikamwambia chukua na chumba chenyewe, nimekupa! Watu wakacheka palepale makaburini. Mie sikucheka.

Jogoo simpi.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe katibu wa chama chetu cha ushirika alikuwepo makaburini na daftari lake. Mtu gani anakwenda kuzika na daftari? Kaandika: fundi seremala wa chumba namba nne ametoa chumba chake kwa hiari, mbele ya mashahidi. Na kanuni zinasema chumba kilichoachwa kinarudi chamani, kamati inaweza kumuuzia mwingine. Nimemweleza kuwa ule ulikuwa utani. Kasema kanuni hazina kifungu cha utani.

Huyu utotoni alibembelezwa kwa kanuni, si bure.

Alhamisi, 14 Machi

Wamekiuza! Kwa muuza magodoro wa Barabara ya Kilwa. Kaja na mkokoteni na magodoro saba ya sufi, mie niko ndani nagonga misumari. Sikutoka. Naye hakuondoka. Kayapanga juu ya mbao zangu, kapanda juu yake, kakaa. Ana risiti yenye mhuri. Tena mpole, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kila tukitazamana ananiambia pole fundi. Sufi imenijaa puani, nimepiga chafya mpaka adhuhuri.

Nikitolewa hapa niende wapi? Nyumbani vyumba viwili, watoto sita. Benchi langu halipiti hata mlangoni. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu mke wangu sijamwambia.

Nimefungua kesi mahakama ya mwanzo. Wote walionisikia siku ile ni wanachama, wanamwogopa katibu. Nimebaki na shahidi mmoja: Mihayo. Maskini mie.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa Mihayo, nimemwomba aseme kweli mahakamani. Kasema ataisema, ila kwanza jogoo.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumanne, 26 Machi

Sijui nicheke au nikasirike.

Katibu kasoma daftari lake kwa sauti ya khatibu. Hakimu akamuuliza Mihayo, je, ulipewa chumba? Mihayo kajibu bila kupepesa: "Nilipewa, mheshimiwa. Huyu mtumwa wangu ana mkono wazi." Muuza magodoro kaniambia pole fundi.

Halafu Mihayo akaendelea. Kwamba mwaka juzi, msiba wa kaka yake, mie nilimnyang'anya yeye baiskeli. Naye kwa hasira akaniambia chukua na mke. Mashahidi walikuwepo. "Sasa kama chumba kimekwenda, katibu aandike na hilo. Mke wangu yule pale nyuma, ahamie kwa Mzaramo leo."

Mkewe akasimama. "Mie? Kwa yule? Hata kwa jogoo mia!"

Mahakama nzima hoi. Mzee mmoja wa baraza alikuwa analia machozi. Katibu peke yake alikuwa anatafuta ukurasa.

Hukumu: maneno ya utani hayahamishi chumba, wala mke. Tena kamati haiwezi kuuza chumba bila mkutano mkuu. Chama kimrudishie muuza magodoro pesa zake. Hakimu alipomaliza, yule mzee wa baraza akaniita pembeni. Kasema jogoo lakini nadaiwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Mihayo kaondoka. Barua imetoka Tabora: serikali inakihamisha kijiji chao, asiyekuwepo hagawiwi shamba. Wiki nzima alijua, hakuniambia. Nyang'au mkubwa.

Nimekwenda stesheni na jogoo kwapani. Mweupe, mnene, kaninyea shati. Mihayo kampima kwa mkono, kasema nimemletea ndege mgonjwa, kanipa ufunguo. Garimoshi likapiga honi. Hapo nikatia mkono kwenye mfuko wake wa vyombo, nikachomoa nyundo, ile ndogo ya kugongea soli. Nikamwambia atarudi kuikomboa.

Alicheka. Kisha akageuka upande wa pili, akawa anamfunga yule jogoo miguu, nayo ilikwisha fungwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimefungua mlango kwa ufunguo. Mbao bado zina sufi. Meza imekwisha, nimeipaka vanishi.

Chumba namba tano kimya. Nimezoea kusikia nyuma ya ukuta ule soli zinagongwa.

Saa nne katibu kaja na daftari. Kauliza Mihayo amekiacha chumba? Nikamwonyesha nyundo iko dirishani. Nikamwambia mwenyewe hajaikomboa. Aandike hivyo.

Kaitazama nyundo, kafungua ukurasa. Kaandika.