Maelezo Kuhusu Tiketi ya Tannie Petronella

MAELEZO YA SHAHIDI

Yametolewa katika kituo cha polisi, Johannesburg, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na moja na nusu jioni, mbele ya Sajenti N. Mahlatsi. Mkalimani: Bi. Murielle Kasongo.

Jina: Marcelline Nabintu Cirhuza
Umri: miaka 47
Kazi: muuza makoti na nguo za mtumba
Makazi: Kensington, nyuma ya duka la vipuri, karibu na Mtaa wa Queen

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, na ninasema kweli, ingawa ningependelea mkalimani mwingine. Mama Murielle ni mke wa mchungaji wetu, na mimi ni kiongozi wa akina mama katika kanisa hilohilo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nimeelezwa kwamba leo hakuna mkalimani mwingine wa Kiswahili.

Nimekuja kwa ajili ya Adamu Mhina, mtu wa Tanga, anayeuza mikanda na viatu kwenye meza inayopakana na yangu pale soko la Dunusa, katikati ya jiji. Adamu ameshikiliwa hapa tangu saa tisa alasiri kwa tuhuma za kuiba tiketi ya kamari ya farasi. Hakuiba. Ile tiketi ni yangu.

Naomba hili liandikwe vizuri. Fedha ni zangu na farasi nilimchagua mimi. Adamu alinipelekea tu, kama anavyonipelekea karibu kila Jumamosi kwa miaka sita, kwa sababu mimi siwezi kuonekana mlangoni pa duka la kamari. Mwezi wa tatu mwaka huu niliwafundisha akina mama kanisani somo la ubaya wa kamari. Nilifundisha vizuri sana, mpaka Mama Murielle mwenyewe alitoa machozi.

Nikiulizwa muuza makoti anajua nini kuhusu farasi, najibu hivi. Mimi hununua makoti mazito mwezi wa Desemba, wakati wa joto, yanapouzwa kama matambara. Koti halina kasoro, watu wamelichoka tu kwa sababu jua linawaka. Kwa farasi nafanya vilevile. Nachukua orodha ya mbio, nazifunika bei za gazeti kwa rula, kisha nampangia kila farasi bei yangu kwa jinsi alivyokimbia huko nyuma. Nikimaliza ndipo nafunua. Kwa farasi wengi nakubaliana na gazeti, na hao nawaacha. Namtafuta yule anayedharauliwa kuliko anavyostahili. Ni wachache, maana farasi wengi wa nyuma wako nyuma kwa haki yao.

Leo saa moja na nusu asubuhi niliketi jikoni kwangu. Mbio ya tano ilikuwa ya mita elfu moja, farasi kumi na wanne. Namba kumi na moja ni farasi jike aitwaye Tannie Petronella. Mara mbili za mwisho alimaliza wa nane na wa kumi, ndiyo maana watu wamemkimbia. Lakini mara zote mbili alikimbizwa mita elfu moja na mia sita, na mpaka mita ya elfu moja alikuwa mbele ya wote. Mtu akishindwa kubeba gunia mpaka Pretoria, haina maana kwamba hawezi kulifikisha kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani. Nilimpa kumi na mbili kwa moja. Nilipofunua nikaona wamempa thelathini na tatu kwa moja, yaani akishinda, kila randi moja inaleta thelathini na tatu. Nilikwenda mpaka dirishani nikarudi. Mume wangu Pacifique aliniuliza kama chai imenimwagikia.

Saa mbili na dakika kumi na mbili nilimtumia Adamu ujumbe: "Ya tano, 11, ashinde, randi 50." Ujumbe huo umo kwenye simu yangu na Sajenti ameuona. Adamu hufuta wa kwake, ndivyo tulivyokubaliana.

Saa nne nilimkabidhi fedha mezani pake. Alitazama orodha akacheka. "Dada, huyu mbona punda!"

Nikamwambia, "Wewe nipelekee punda wangu."

Kwa miaka yote hiyo Adamu hajanifuata hata mara moja. Yeye humchezea farasi anayependwa na watu wote, na hupoteza pamoja na watu wote.

Saa nane na dakika ishirini na tano mbio ilipoanza, nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, simu nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Tannie Petronella alitangulia tangu milango ilipofunguka, mwishoni wakamkaribia, akashinda kwa pua. Sisi tulikuwa katikati ya wimbo wa toba. Nilipiga kigelegele. Wenzangu walidhani ni Roho ameshuka, nao wakapiga, na Mama Murielle alipiga kuliko wote, kabla hajaitwa kazini. Naomba radhi kwa hilo. Lakini nilifurahi, sitadanganya.

Saa tisa na nusu Kidawa, mke wa Adamu, alinipigia simu. "Dada Marcelline, Adamu kachukuliwa na polisi alipokwenda kudai fedha! Yule Khatibu, Mzanzibari, kasema tiketi yake, eti imemwanguka dukani. Na wote wamemuunga mkono, maana nani kamwona Adamu akicheza farasi wa nyuma?"

Nikamuuliza Adamu anasemaje.

"Kanyamaza. Anasema kaahidi."

Hapo nililia. Mtu si ndugu yangu wala si wa dini yangu, na amekubali kuitwa mwizi ili mimi niendelee kuitwa mama wa heshima. Nilifunga kitabu cha nyimbo nikapanda teksi.

Nilipofika hapa na kuona mkalimani ni nani, niligeuka nikarudi mpaka mlangoni. Kupitia kioo nilimwona Adamu kwenye benchi. Alikuwa amevuliwa mkanda, kama wanavyofanyiwa watuhumiwa, na muuza mikanda mzima alikuwa ameshikilia suruali kwa mkono. Nikaingia tena.

Bwana Khatibu alipoonyeshwa saa ya ujumbe wangu, alijipekua upya mbele yetu. Tiketi yake ilikuwa ndani ya soksi. Ni namba kumi na moja kweli, lakini ya mbio ya nne, na farasi huyo nadhani bado yuko njiani. Amemwomba Adamu radhi na Adamu amesema yamekwisha. Kisha Bwana Khatibu akaniuliza kwa sauti ya chini habari za Jumamosi ijayo.

Sajenti amenieleza kwamba mkalimani amekula kiapo cha kutunza siri. Mama Murielle ameuliza mara tatu kiapo hicho kinaisha lini. Mwanzoni nilishukuru. Kisha nikamtazama, maskini, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto bila kitambaa, nikajiuliza namficha nani. Miaka sita nimekuwa nikishinda na hakuna anayejua. Mume wangu anaamini friji yetu ilitokana na makoti. Nimechoka kushinda kimya kimya. Wakinivua uongozi wa akina mama itaniuma sana, lakini wanivue.

Kwa hiyo kwa upande wangu namfungulia Mama Murielle kiapo. Aseme. Ila aseme sawasawa: haikuwa bahati, haikuwa ndoto, na bei haikuwa thelathini, ilikuwa thelathini na tatu.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili, nimeyakubali, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: M. Nabintu C.

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. A. Mhina ameachiwa saa kumi na mbili na dakika tano, amerudishiwa tiketi na mkanda. Sahihi ya mkalimani imechelewa, kwa kuwa aliondoka chumbani kabla ya kusaini. Nimemkuta nje kwenye maegesho, anazungumza kwa simu. Shahidi alikuwa amesimama karibu naye, akimsahihisha.

N. Mahlatsi, Sajenti