Majani kwa Majani

Moza, posa imevunjika. Nakuandikia na udongo bado kuchani.

Nilikuwa nang'oa magugu ya ndago shambani kwetu Ole, pale palipolimwa kwa plau, ili tupande malisho ya ng'ombe kama nilivyofunzwa chuoni. Mara Bi Thuraiya huyo, na mwanawe Hamood, mchumba wangu.

"Wang'oa nini, mwanangu?"
"Majani."
"Utapanda nini?"
"Majani."

Majani, Moza! Neno "malisho" lilinipotea.

Akamwambia mwanawe, "Twende zetu. Huyu chuo kishamharibu akili."

Hamood akanitazama. Akamfuata mamake.

Sikulia. Niliinama nikaendelea kung'oa.

Mama hajajua. Ameniuliza kama shamba liko tayari. Nimemjibu, kesho twaweza kupanda.