Goti la Sugimori

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika hadi nimeunguza supu ya kambi — mimi, mwanamieleka na mpishi anayesifiwa na wanasumo wa Osaka nzima! Goti la mdogo wangu Sugimori limevimba kama tikiti, na Oyakata, mkuu wa kambi, anasema Jumapili mashindano yakianza lazima aingie ulingoni. Asipopigana atashuka daraja, arudi kusugua vyoo nasi wa chini.

"Mwongezee wali," kaniamuru. "Mzito hasukumwi."

Jumanne, 4 Machi

Nimempeleka kwa Daktari Nakatsuji, yule mama wa chuo kikuu. Kampiga picha za video akisukuma. Shule niliiacha mapema, lakini nimeelewa — kichwa hiki kina akili, mafuta ya nywele ndiyo yanayoificha! Nguvu haitoki mikononi. Mguu unakandamiza ardhi, ardhi inaurudishia, nguvu inapanda: kifundo, goti, nyonga, kifua. Goti la Sugimori linaangukia ndani, basi nguvu inalipinda badala ya kupita. Na kila kilo anayoongeza, goti ndilo linaloibeba. Yaani wali wangu, jamani!

"Apumzike," daktari kasema. "Ataanguka hata bila kusukumwa."

Kambini nimemweleza Oyakata, kacheka. "Huyo mama kamsukuma nani maishani? Mumewe?"

Watu wote wakacheka. Mimi — meno tu nimesaga.

Jumatano, 5 Machi

Nimempakulia nusu bakuli. Oyakata kaona, kamjazia mwenyewe.

"Niache, kaka," Sugimori kaninong'oneza. "Baba ameshawaalika majirani waje kunitazama kwenye televisheni. Siumwi."

Haumwi! Kwa nini basi anakaa chooni kwa kushikilia ukuta?

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimeamriwa nimpe Sugimori kifua — nisimame, anisukume hadi ukingoni mwa ulingo. Kifua changu hata lori linakiogopa! Safari ya kwanza nikaisikia nguvu yake ikija, ikakatika njiani, ikapotelea pembeni. Kauma midomo, karudi kujipanga.

Nikakaa chini. Katikati ya ulingo! Juu ya udongo tuliourushia chumvi ya kuutakasa! Hakuna aliyewahi.

"Inuka, nguruwe!"

"Siinuki, Oyakata. Leta winchi."

Hakuna aliyecheka. Oyakata kanimwagia ndoo ya maji, kapanda ghorofani kwake.

Sasa hivi mkewe kachungulia chumbani: "Anawaita. Wote wawili."

"Nije na mizigo yangu, Mama?"

 Alikuwa anamtazama Sugimori akitoka, kifua mbele, kama mtu mzima wa afya. Namsikia ngazini. Mguu mmoja. Kimya. Mguu wa pili unaburutwa. Kimya kirefu.

"Kaka," ananiita, kwa sauti ndogo. "Kaka, njoo unishike —"