Gauni la Kizimbani

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Sentensi moja tu, lakini ni yangu. "Msile! Mlango unajifunga wenyewe."

Filamu ni ile hadithi ya ndugu wawili waliopotea msituni wakaikuta nyumba ya peremende. Safari hii si katuni, ni watu kabisa. Mimi ni mmoja wa watoto waliofungiwa kizimbani na mchawi. Tuko watano, wanne hawasemi kitu. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyepeleka jina langu. Alisema natamka vizuri.

Kaka anasema nimechaguliwa kwa sababu nina sura ya njaa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka. Aliuliza nitavaa nini. Nikamwambia matambara. "Mbele ya watu wote hao?" Akarudi kwenye cherehani yake.

Nimeisema sentensi mara arobaini. Bafuni inasikika vizuri zaidi.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba ya peremende imejengwa uwanjani, nyuma ya ghala. Ni mbao na rangi tu. Meno alilamba dirisha. (Meno ni msichana wa kizimbani mwenzangu. Mwenyewe ndiye aliyetuambia tumwite hivyo, kabla hatujamwita sisi!) Anasema ladha yake ni kama ya dawati.

Gauni langu! Mama wa mavazi alilitengeneza kwa wiki mbili, kabla hata sijachaguliwa. Alilikwaruza kwa msasa, akalisugua masizi, akalipasua begani kwa mkono, si kwa mkasi. Mpasuko wa mkasi, anasema, ni wa uongo na kamera hujua.

Kuna pia dada wa picha. Kazi yake ni kuhakikisha leo inafanana na jana. Alinipiga picha mabega, magoti, hata kucha. Tulipigwa filamu tukiamka na kusogea kwenye fito. Nilibakiza sentensi tu. Uso wangu karibu kabisa na kamera — na mvua ikashuka! Nyaya zikakimbizwa, watu wakakimbizwa, tukasukumwa ndani ya basi. Nilikuwa nimevaa sweta juu ya gauni. Nimefika nalo nyumbani.

Sikuiba. Nilisahau. Lakini nalitazama hapa nyuma ya mlango na moyo hautulii.

Jumapili, 9 Juni

Mama alimpigia mama wa mavazi. Hakukasirika sana. Alisema litundikwe, lisifuliwe, lisiguswe, lirudi Jumamosi asubuhi tutakapomalizia. Litundikwe, lisifuliwe, lisiguswe. Nimeandika kwenye daftari la hesabu.

Bibi alikuwa kwa jirani wakati huo.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilirudi kutoka shuleni saa kumi. Gauni liko juu ya kitanda changu. Limekunjwa. Lina harufu ya sabuni. Limepigwa pasi!

Masizi hayapo. Mpasuko wa begani haupo. Nimeutafuta kwa kidole, nimeutafuta dirishani kwenye mwanga, haupo. Bibi amevuta nyuzi kutoka kwenye pindo la ndani akaufuma upya, uzi kwa uzi. Mafundi wengine humletea suti zilizounguzwa na sigara awafanyie hivyo hivyo.

Alikuwa amesimama mlangoni akisubiri nifurahi.

Nikasema, "Ahsante, Bibi."

Akasema, "Nilijua umeona haya kuniomba, mjukuu wangu."

Nilipaswa kumwambia Jumapili ile ile. Ni neno moja tu: usiliguse. Nilikuwa na hesabu za kumaliza. Huo si udhuru, najua.

Ijumaa, 14 Juni

Jana nilijaribu kulirudisha lilivyokuwa. Nililipaka mkaa, likawa kama limekanyagwa na mtu mwenye mkaa. Nikalisugua tena kwa maji. Sasa lina wingu la kijivu tumboni. Begani sikuweza. Nilishika mkasi, nikauweka, nikaushika tena.

Kaka akanikuta. Sikutaka kumweleza ila nikamweleza. Nilidhani atacheka. Alikaa kitandani akasema nimwambie Mama. Kisha akasema tena, "Bibi naye! Angepewa kile kizimba angekipiga deki."

Nilicheka nikalia. Nimemwambia Mama. Mama anasema kesho hawezi kukosa zamu kazini, nitakwenda na Bibi, na Bibi lazima aambiwe. Nikasema nitamwambia mimi. Na kule uwanjani nitasema gauni lilinichafukia nikalifua mwenyewe. Mama akaniuliza kama huo ndio utamkaji mzuri niliosifiwa.

Bado sijamwambia. Bibi anapiga pasi sketi yake ya kutokea.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwenye hema la mavazi, juu ya goti. Saa tano na nusu.

Nilimwambia Bibi asubuhi, njiani. Aliacha kutembea. Kisha akatangulia mbele yangu mpaka getini. Mama wa mavazi alipolikunjua gauni aliutafuta mpasuko begani kwa kidole. Dada wa picha akaleta picha za wiki iliyopita, akaziweka mezani kando ya gauni. Hakuna aliyehitaji kueleza.

Nikaanza, "Samahani sana, mimi ndiye..."

"Ni mimi," Bibi akasema. "Huyu hana kosa. Nimeshona miaka hamsini, sijawahi kumwacha mtoto wangu atoke nyumbani na nguo iliyochanika. Hakuna aliyeniambia kwamba hii ilichanwa kwa makusudi."

Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Nikasema hivyo, kwa sauti. Mwongozaji alinitazama. Akatazama jua. Nyumba ya peremende inavunjwa leo jioni, uwanja una wenyewe. Akasema ikifika saa sita kamili gauni halifanani na picha, sentensi ataichukua Meno. Nguo yake ipo sawa.

Mama wa mavazi alitaka kulipasua. Bibi akamshika mkono. Ukilipasua litapasuka mahali pengine, akasema, pale nilipofuma ndipo penye nguvu sasa. Lazima lifumuliwe. Mama wa mavazi alichungulia ufumaji huo na miwani, bila miwani, akauliza, "Shikamoo, fundi. Ulianzia wapi?"

Basi wamekaa hapo chini, wawili. Mmoja ana picha, mwingine ana sindano. Bibi anafumua kazi yake uzi kwa uzi. Mkono mmoja unafungua, mwingine unapita juu kama unaomba radhi. Masizi yameshapakwa. Anaulizwa kama amechoka. "Sijachoka. Niliifunga ili isifunguke, sasa imenitii."

Saa sita kasoro kumi.

Meno amekuja. Ananong'ona kwamba hakuomba. Najua hakuomba. Ameniomba nimfundishe, asije akaharibu mbele ya watu. Nilitaka kusema hapana. Ilikuwa tayari mdomoni.

Nimemwambia: "Msile" kwa haraka, halafu vuta pumzi, halafu "mlango" polepole, kwa sababu huyu mtoto alishauona ukijifunga. Amesema. Amekosea. Amesema tena, na mara ya tatu nikasikia baridi mgongoni. Anaisema vizuri!

Kasoro tatu. Dada wa picha amepiga magoti, ameweka picha begani pa gauni. Anasema bado, upande wa shingo. Bibi hainui kichwa.

Mtu amepiga kelele nje: "Wa sentensi, kizimbani!"

Hakutaja jina. Meno amesimama. Mimi nimesimama, nina sketi ya shule na sweta tu, na Bibi amesema kwa meno yaliyouma uzi, "Ngojeni. Ngojeni kidogo, wanangu." Nafunga daftari, na bado sijui anaitwa nani kati yetu.