Kura Uliyonificha, Mjomba

Mjomba,

Madam ametoka na watoto, na hapa Al Warqa nyumba imenyamaza. Nimepata nusu saa ya kukuandikia. Miezi miwili sasa tangu uzikwe. Nilikuona ukiteremshwa kaburini kwa simu tu, huku namenya viazi. Madam akaniambia, "Khalas, Kadzo, basi," akanipa tishu. Nilidhani nimemaliza kulia. Kumbe bado.

Charo, aliyekuwa msaidizi wako ofisini, amepata kazi ya ulinzi huku Dubai. Jumapili nilimpelekea chapati kwake International City, tukakukumbuka, tukacheka. Nikakusifu ulivyosimama peke yako Bungeni siku ya mswada wetu, ule wa kuwabana mawakala wanaotuleta Ghuba. Akaweka chapati chini. Kisha akasema, "Dadangu, haikuwa hivyo." Akanionyesha kumbukumbu za Bunge. Nimezisoma mara nne. Jina lako liko kwa waliokataa.

Na jioni ile ulinipigia, Mjomba! Ukasema, "Vyama vimewakataa, mwanangu, lakini mimi nimesema ndiyo. Mimi sina chama cha kuniziba mdomo." Nikawatangazia wenzangu kwenye ua wa kanisa. Walikupigia vigelegele. Wanawake walionyang'anywa pasipoti na mabosi wao, Mjomba, walikupigia vigelegele.

Charo anasema ulikubali kufuata upande wa serikali mwezi ule ule ulioapishwa, kwa sababu mbunge asiye na chama hapati kiti kwenye kamati kirahisi, hata nafasi ya kusema ni ya kubembeleza. Hilo ningelielewa. Mimi naishi nyumba ya watu, najua kuomba ruhusa ya kila kitu. Ungeniambia ningekutetea. Lakini ukanidanganya, tena kuhusu kura ya kunilinda mimi mwenyewe.

Unajua kinachoniuma zaidi? Mama. Miaka yote ile alikuwa katibu wa akina mama wa chama, na akaandika barua ya kujitoa ili aweze kutia saini fomu yako, maana mgombea huru hadhaminiwi na mwanachama wa chama chochote. Aliyemshawishi ni mimi, kwa simu, wiki nzima. Wenzake wakamwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Akawajibu kwamba kaka yake si wa kupita. Mpaka leo hawamwiti kwenye shughuli zao.

Sasa kiti chako kinatafutiwa mtu. Mwanao mkubwa anagombea, naye bila chama, na picha yako ameiweka kwenye mabango yake. Amemwomba Mama saini. Jana Mama alinitumia ujumbe wa sauti: "Kadzo, nisaini tena? Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Sijamjibu. Nilitaka kwanza nikukasirikie wewe, na sina pengine pa kukukasirikia ila hapa. Ningekuwa nyumbani ningekuja kaburini nikupigie kelele mpaka majirani watoke.

Lala salama, Mjomba. Bado nakupenda, na hilo linaniudhi. Nakuahidi jambo moja: madam akirudi nitaomba dakika kumi, nimpigie Mama, nimsomee ulivyopiga kura, neno kwa neno. Atalia, najua. Lakini safari hii hatasaini kwa kuniamini mimi.

Mpwa wako,
Kadzo